Ufunguo Mmoja Uliobaki: Namna ya Kupata wa Pili Wenye Chipu kwa Gharama Nafuu

Swali: "Nina gari aina ya Toyota RAV4 la mwaka 2006, nililolinunua kwa mtu aliyeliagiza kutoka Japan, na nilikabidhiwa ufunguo mmoja tu. Kava lake limepasuka, kitufe cha kufungia milango hakifanyi kazi tena, na siku hizi naufunga kwa utepe ili usisambaratike. Nilipouliza bei ya ufunguo mpya wenye chipu nikatajiwa kiasi kinachokaribia ada ya muhula ya mwanangu. Jirani anasema nichonge ufunguo wa kawaida, na fundi mmoja anasema ni bora aizime kabisa hiyo imobilaiza. Nifanye nini nisipoteze fedha?" Mwalimu, Morogoro.

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwamba umeuliza mapema. Wengi wanaokuja kwangu kwa shida ya ufunguo huja kwa bodaboda, kwa sababu gari limebaki mahali likiwa limefungwa na hakuna wa kulisogeza. Wewe bado unao ufunguo unaowasha injini, na katika suala hili hakuna jambo linaloamua gharama kuliko hilo. Kuliongezea gari ufunguo wa pili wakati wa kwanza upo mkononi ni kazi ya muda mfupi, tena unaendesha mwenyewe hadi kwa fundi. Kulitengenezea ufunguo gari lisilo na hata mmoja ni kazi ya kumwita fundi na mashine zake hadi lilipo, au kulivuta, na mara nyingi kufungua dashibodi na kutoa kompyuta ya gari ili ifanyiwe kazi mezani. Kwa hiyo fedha yako inaokolewa wiki hii, wakati ufunguo wenye utepe bado unawasha gari.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kwamba gari lako lina chipu kweli. Watu wengi huamini kwamba ufunguo wenye vitufe ndio wenye chipu, lakini vitufe ni rimoti ya milango, na chipu ni kitu kingine kabisa: ni kipande kidogo ndani ya ufunguo kinachojitambulisha kwa imobilaiza, yaani mfumo wa gari unaozuia injini isiwake kwa ufunguo usioutambua. Ujerumani ililazimisha magari mapya kuwa na imobilaiza tangu mwaka 1998, Australia mwaka 2001 na Canada mwaka 2007, lakini magari mengi ya soko la ndani la Japan ya miaka hiyo yalitoka kiwandani bila mfumo huo, hasa yale ya daraja la chini. Nimewahi kuona mtu ametozwa fedha ya "kuprogramu chipu" kwa gari ambalo lingewashwa na ufunguo wa bati tupu uliochongwa kando ya barabara.

Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya nyumbani. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ile ya kufungia nyama, uzungushie kichwa cha ufunguo mara tatu au nne, uache bapa la chuma wazi, kisha ujaribu kuwasha. Gari lisilo na imobilaiza litawaka kama kawaida. Lenye imobilaiza litazungusha stata bila kuwaka, au litawaka sekunde moja au mbili na kuzima, na taa ndogo ya usalama kwenye dashibodi, ambayo kwa kawaida humeta ufunguo ukiwa umetolewa, itaendelea kumeta hata ufunguo ukiwa ndani. Ukiondoa alumini na gari likawaka vizuri, umepata jibu bila kulipa shilingi.

Kipimo hicho hufanya kazi kwa sababu chipu haina betri yake. Kuizunguka swichi ya kuwashia gari pana koili ya waya ambayo hutoa mawimbi ya kilohezi 125 hadi 134 hivi. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kutamka utambulisho wake, na alumini huyazuia yasifike. Hapa ndipo unapoepuka gharama ya kwanza isiyo ya lazima: betri ya rimoti ikifa, milango haitafunguka kwa kitufe, lakini injini itawaka kwa sababu chipu haiitegemei betri hiyo. Rimoti isiyofanya kazi siyo sababu ya kununua ufunguo mpya.

Kwa hiyo tuanze na kitufe chako. Fungua kava, usome namba iliyopigwa kwenye betri yenyewe na ununue ileile. CR2032 na CR2016 zina upana sawa wa milimita 20, ila ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili milimita 1.6, na kulazimisha nene mahali pa nyembamba hupindisha vibati vya mguso hadi vikatike. Ikiwa betri mpya haikusaidia, angalia swichi ndogo iliyo chini ya kitufe kwenye bodi. Mara nyingi imeng'oka mguu mmoja kwa kubonyezwa miaka mingi, na fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza kuichomea upya au kuibadilisha kwa bei ndogo sana ukilinganisha na rimoti mpya.

Kava lililopasuka nalo hubadilishwa peke yake. Makava matupu ya Toyota yanauzwa karibu kila mtaa wa spea, Kariakoo yakiwa yamepangwa kwenye vioo kama miwani, na unachofanya ni kuhamisha bodi ya rimoti, bapa la chuma na chipu kutoka la zamani kwenda jipya. Lakini naomba uwe makini sana na hiyo chipu, kwa sababu wengi hawaijui kwa sura. Wakati mwingine ni kipande cheusi, kidogo kuliko punje ya harage, chenye umbo la kabari. Wakati mwingine ni kichupa chembamba cha kioo, mfano wa punje ndefu ya mchele, ambacho ukikibana kwa koleo kinapasuka. Mara nyingi hakikai kwenye bodi ya rimoti bali kimezama ndani ya plastiki ya kichwa chenyewe. Alinijia kijana aliyebadilisha kava mahali fulani, akapewa ufunguo mpya unaong'aa na wa kukunja, milango ikafunguka vizuri, lakini gari likagoma kuwaka. Chipu ilikuwa imetupwa pamoja na plastiki ya zamani. Tulirudi wote mahali pale, tukamwaga ndoo ya taka sakafuni, tukapekua vumbi, maganda ya karanga na vipande vya waya kwa karibu saa nzima hadi tukaiona. Asingeipata, angehesabiwa kama mtu aliyepoteza funguo zote. Kwa hiyo kava likibadilishwa, liwe mbele ya macho yako, na plastiki ya zamani uondoke nayo mfukoni hadi gari liwake mara tatu.

Sasa ufunguo wa pili. Njia ziko mbili, na fundi mwaminifu atakueleza ni ipi anayoitumia. Ya kwanza ni kunakili: mashine husoma chipu yako na kuandika utambulisho uleule kwenye chipu tupu, nayo kompyuta ya gari huuona ufunguo mpya kuwa ni wa zamani. Gari haliguswi kabisa, na hii ndiyo njia nafuu zaidi. Ya pili ni kusajili: chipu mpya yenye utambulisho wake huandikishwa kwenye kumbukumbu ya gari, ama kwa mashine inayochomekwa chini ya dashibodi, ama kwa utaratibu wa mkono ambao baadhi ya magari ya zamani huuruhusu, ama kwa kufungua kompyuta yenyewe.

Kama chipu yako inanakilika au hainakiliki kunategemea aina yake. Toyota za miaka ya mwisho ya 1990 nyingi zilitumia chipu ambayo mafundi huiita 4C, ambayo hutaja namba ileile kila inapoulizwa, na kuinakili ni jambo dogo. Ikafuata 4D, ambayo kompyuta huiuliza swali tofauti kila mara nayo hujibu kwa hesabu ya siri. Hata hivyo mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya kampuni ya usalama wa kompyuta ya RSA nchini Marekani walionyesha kwamba siri ya biti 40 iliyo ndani ya chipu za namna hiyo za kampuni ya Texas Instruments inaweza kuvunjwa, na leo mashine za kawaida za wachonga funguo huinakili. Zilizofuata, ambazo huitwa G na H kwa herufi inayopigwa kwenye bapa la funguo nyingi, zina ulinzi mkubwa zaidi, na kwa hizo kusajili ndiyo njia ya kawaida. Gari la mwaka 2006 laweza kuwa na 4C au 4D, kwa hiyo una nafasi nzuri ya kutumia njia nafuu. Mwambie fundi aisome chipu kwanza akutajie aina yake. Usomaji huo huchukua sekunde chache, na wengi hawautozi.

Kunakili kuna kasoro moja ambayo lazima uijue. Kwa kuwa gari haliwezi kuzitofautisha funguo mbili zilizonakiliwa, mmoja ukiibwa huwezi kuufuta ukaacha mwingine. Kwa ufunguo wa kukaa kabatini hilo halina uzito. Kwa ufunguo atakaopewa dereva wa kuajiriwa, ningelipa zaidi nikasajili, ili siku tukiachana naye vibaya niweze kuufuta wake na kubaki na wangu.

Angalia pia rangi ya kichwa cha ufunguo wako, kama ni wa asili. Toyota nyingi za zamani zilitoka na funguo kuu zenye kichwa cheusi na ufunguo mmoja wa msaidizi wenye kichwa cha kijivu, wa kumwachia mwegesha magari hotelini. Wa kijivu huwasha gari, lakini hauna mamlaka ya kuandikisha ufunguo mpya kwa ule utaratibu wa mkono, na nakala yake nayo itakuwa ya msaidizi. Ukikuta una mweusi, nakili huo huo. Ukikuta una wa kijivu, kunakili bado kunakufaa kwa matumizi ya kila siku, lakini mwambie fundi mapema ili asikuahidi asichoweza.

Kuhusu kuchonga bapa, ufunguo uliotumika karibu miaka ishirini umelika, na mashine inayofuatisha meno yake hunakili na ulikaji wake, kisha huongeza kosa lake dogo. Nakala ya nakala huanza kukwama kwenye swichi, mwenye gari anaizungusha kwa nguvu, na mwisho anabadilisha swichi nzima. Kama yule aliyekuuzia bado unampata, muulize kama alipokea kibati kidogo chenye namba, kilichofungwa pamoja na funguo zilipotoka Japan. Hiyo ni namba ya mchongo, na fundi mwenye mashine ya kompyuta huchonga kutokana nayo bapa lenye vipimo vya kiwandani. Kama hakipo, mchongaji mzuri hupima ufunguo wako, hutambua kila jino lilikusudiwa kuwa na kina gani, na huchonga kwa kipimo hicho badala ya kufuatisha ulikaji. Muulize anafanya lipi kati ya hayo mawili.

Jambo jingine linalopunguza gharama ni kutoagiza funguo mbili zinazofanana. Ufunguo wa akiba hauhitaji rimoti. Bapa lililochongwa vizuri, kichwa cha plastiki cha kawaida na chipu ndani yake vinatosha kufungua mlango kwa mkono na kuwasha injini, na bei yake iko chini sana ya ufunguo kamili wenye vitufe. Juu ya hapo, chonga bati tupu lisilo na chipu ukaliweke kwenye pochi. Halitawasha gari, ila siku ukifungia ufunguo ndani sokoni litakufungulia mlango bila kuvunja kioo. Hapo ndipo ushauri wa jirani yako una ukweli wake: ufunguo wa kawaida una faida kama wa mlango, lakini hauwezi kuwa mbadala wa ule wenye chipu.

Ukitaka rimoti mpya baadaye, usinunue kwa kufananisha picha ya mtandaoni. Rimoti za magari ya soko la Japan nyingi hufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 312 hadi 315, na zile za Ulaya kwenye 433. Sura zake zinaweza kufanana kama mapacha zisielewane kabisa na gari lako. Nunua kwa namba ya bodi, au mpe fundi anunue mwenyewe, ili isipokubali iwe hasara yake na si yako.

Fundi anayetaka kuizima imobilaiza namkatalia waziwazi. Kuna wanaoifuta kwenye programu ya kompyuta, na kuna wanaofanya njia ya mkato zaidi: huichomoa chipu yako ya pekee na kuibandika kwa gundi karibu na koili ya swichi, ndani ya plastiki ya usukani, ili ufunguo wowote wa bati uwashe gari. Kwa njia zote mbili, mwizi aliyekuwa akizuiwa na mfumo huo sasa anazuiwa na silinda ya chuma tu, ambayo bisibisi na nguvu ya mkono huivunja. Kama una bima kubwa, kampuni ikigundua baada ya wizi kwamba kinga ya gari ilizimwa, inaweza kupata sababu ya kubishana nawe juu ya fidia. Na atakayelinunua gari hilo kwako atarithi tatizo asilolijua. Utaokoa kidogo leo kwa kuhatarisha gari lote.

Siku ya kwenda kwa fundi, chukua kadi ya gari na kitambulisho chako, na kama haviulizwi, jua kwamba mtu huyo humtengenezea ufunguo yeyote anayejitokeza. Nenda na kila ufunguo wa gari hilo ulio nao, kwa sababu katika baadhi ya magari, Nissan nyingi zikiwamo, usajili mpya hufuta funguo zote ambazo hazikuwapo wakati huo. Betri ya gari iwe na nguvu. Ikizimika katikati ya kuandika kwenye kompyuta, hasara yake huzidi bei ya funguo kumi. Mkubaliane bei kabla ya kufungua chochote, ikiwa imegawanywa: chipu kiasi gani, kuchonga kiasi gani, kunakili au kusajili kiasi gani. Bei iliyotajwa kwa jumla ndiyo inayoficha mambo. Kazi ikiisha, ujaribu ufunguo mpya huku wa zamani ukiwa umeshikwa na mtu mwingine hatua kadhaa mbali na gari, maana chipu ya ufunguo wa zamani ikiwa kwenye shada moja karibu na swichi inaweza kusomwa badala ya mpya, ukadhani umepata kumbe bado. Washa na uzime mara tatu, kisha ujaribu na wa zamani vilevile.

Kama usajili unafanyika, omba kuona kwenye mashine idadi ya funguo zilizoandikishwa. Umenunua gari kwa mtu, naye alinunua kwa mtu, na huenda kuna ufunguo wa pili uliobaki kwa mojawapo wa hao. Kumbukumbu ikionyesha zaidi ya ulizo nazo, fundi afute zisizojulikana. Kufuta huzuia injini tu. Bapa la ufunguo huo bado litafungua mlango, kwa hiyo usiache vitu vya thamani ndani ukitegemea hilo.

Ikitokea bahati mbaya ukapoteza ufunguo kabla hujaenda, usikimbilie kununua kompyuta na swichi za gari bovu, kwani zisipolingana namba utakuwa umenunua vyuma. Toa taarifa ya upotevu polisi, soma mkataba wa bima kubwa kama unayo, kwa kuwa baadhi hufidia funguo, kisha mtafute fundi anayeweza kuweka upya kumbukumbu ya imobilaiza. Baadhi ya Toyota hufanya hivyo kupitia mashine, na zenyewe huilazimisha mashine isubiri kama dakika 16 kabla ya kukubali. Nyingine hutaka kompyuta ifunguliwe na chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane isomwe moja kwa moja. Yote mawili yanawezekana hapa nchini, lakini ni ghali.

Na siku ukibadilisha gari, mwambie wakala aulize kuhusu ufunguo wa akiba kabla gari halijapakiwa melini Japan. Hili lina uzito zaidi kwa magari mapya ya kubonyeza kitufe, ambayo Kenya yamejaa kwa sababu huko gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka 8, na hapa kwetu yanaongezeka kila mwaka. Ufunguo wake ni ghali kuliko wako, na uliokwisha kuandikishwa kwenye Toyota moja haukubali nyingine hadi ufunguliwe kwa mashine maalumu.

Kwa sasa, Mwalimu, fanya kipimo cha alumini jioni hii. Kikionyesha kwamba chipu ipo, Jumamosi mpelekee fundi ufunguo huo ukiwa bado umefungwa utepe, aufungue mbele yako juu ya kitambaa cheupe ili kisidondoke kitu, aisome chipu, ainakili, achonge bapa kwa kipimo, kisha aihamishe ya asili kwenye kava jipya. Ufunguo huo wa asili uuweke nyumbani, na uanze kutumia nakala, hata kama haina vitufe, ili hata nakala ikipotea au ikidondoka majini, chipu ya kuinakili tena iwepo.